Siku Pimamaji Alipomwaga Zege la Oti

Watu wengi wameshaunguza chakula. Wengine wamesahau chumvi, wengine wameitia mara mbili. Lakini baba yangu ndiye mpishi wa kwanza duniani, na namwomba Mungu awe wa mwisho, aliyempikia mgeni chakula kikapakuliwa kwa nyundo!

Tena si nyundo ya kugongea misumari. Ile ya kuvunjia matofali.

Baba ni fundi mwashi. Mtaa mzima wanamwita Pimamaji, kwa sababu kile kifaa cha kupimia kama kitu kimelala sawa, chenye kipovu kinachotembea ndani ya kioo, hakimtoki mkononi. Akikaribishwa kwa mtu, kabla hajamaliza kuitikia salamu ameshapima meza. Aliwahi kulazwa hospitali kwa homa. Siku alipopata nguvu za kukaa, kitu cha kwanza alipima kitanda, akamwita daktari.

"Dokta, hapa mgonjwa hawezi kupona. Kitanda kimezama upande wa miguu. Dawa zote zinashukia kwenye vidole!"

Na majivuno je? Ukimsikiliza utadhani milima yote aliipiga plasta yeye. "Mimi nimejenga ghorofa saba," husema. Ni kweli alikuwepo. Alijenga ile ya chini, akafika usawa wa madirisha, wakaleta fundi mwingine.

Mama ni fundi cherehani. Yeye hasemi sana. Anashonea chumba cha mbele, kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na miaka yote kazi zake zimekuwa kupunguza suruali, kubadilisha zipu na kushona mapazia ya watu wanaosema watarudi kesho. Sasa ikatokea kazi ya maana. Shule ya msingi ilitaka sare mpya, watoto mia tatu. Mwalimu Mkuu, mwanamke, alikuwa amebakiwa na mafundi wawili wa kuchagua: Mama, na fundi mmoja wa barabara kuu mwenye cherehani tatu za umeme, kibao chenye taa, na msichana ambaye kazi yake ni kupokea simu tu.

"Jumamosi saa sita mchana nitapita kwako," Mwalimu Mkuu alimwambia Mama. "Nione shati la mfano, nione na mahali unapofanyia kazi. Nikitoka hapo, naamua."

Mama alirudi nyumbani akatuketisha.

"Saa sita ni saa ya kula," alisema. "Mtu hawezi kufika kwangu saa sita nikampa maji ya kunywa akaondoka. Ila kuna jambo. Yule mwalimu hali nyama. Wala samaki. Wala kuku."

"Kuku naye ni nyama?" Baba akauliza.

"Ni nyama yenye mabawa," alijibu Bibi.

Bibi ni mama yake Mama, tunakaa naye. Kwa Baba ni mama mkwe, na heshima ipo, ila ni ile heshima ya watu wawili wanaopishana kwenye ujia mwembamba, kila mmoja amebeba ndoo.

"Nitampikia dengu," Bibi akasema. "Dengu hazina makuu."

Baba akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka jiwe la msingi.

"Mama, wewe pumzika. Jumamosi napika mimi."

Hata nzi aliyekuwa anazunguka kwenye sukari alitua.

"Unapika nini?" Mama akauliza.

"Oti, dengu na maharage! Mhandisi wetu pale saiti ndiyo chakula chake. Bakuli moja saa sita, mpaka jioni hajui njaa ni kitu gani. Ndiyo maana anapiga hesabu za nguzo kichwani bila karatasi! Halafu rahisi. Kwa bei ya nyama ya mtu mmoja, unalisha ukoo."

"Umewahi kupika wewe?"

"Mke wangu, kupika ni nini? Ni mchanganyo na maji. Mimi nimechanganya zege miaka ishirini na mbili. Kuna jengo langu limeanguka?"

"Lile la kule..." Bibi alianza.

"Lile lilisukumwa na upepo, Mama!"

Basi.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa bado hajashona mkono mmoja wa shati na kola, maana kitambaa cha rangi yenyewe kilifika Ijumaa alasiri. Hakuwa na nafasi ya kubishana. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha mbele, sindano tatu mdomoni, akazitoa moja moja ili azungumze.

"Mume wangu, nakuomba. Chakula tu. Cha kawaida."

"Cha kawaida wapikiwe watu wa kawaida!"

Mama akafunga mlango. Cherehani ikaanza: trrrrr.

Baba aliingia jikoni na penseli sikioni. Alikuwa amenunua maharage makavu, dengu nyekundu, vitunguu, nyanya, na mfuko wa oti kilo tano uliouzwa bei ya kutupa kwa sababu ulichanika pembeni. Oti ni ile nafaka iliyobanwa ikawa bapa, nyepesi, ukiishika mkononi unaona kama umeshika vumbi la kuni. Ndiyo iliyomponza. Kilo tano za kitu chepesi vile, Baba aliziona hazitoshi.

Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, bakuli la dengu mapajani, anachambua.

"Mama, unafanya nini?"

"Natoa mawe."

"Ya nini kutoa? Kokoto mbili tatu hazijawahi kuharibu mchanganyo. Ndizo zinazoshika!"

Bibi alitupa jiwe nje. Aliendelea kuchambua zake.

Baba akatandika plastiki safi sakafuni. Akamwaga oti mpaka mfuko ukabaki robo. Akamwaga dengu zilizobaki. Akamwaga maharage, makavu vilevile, yakilia kama mvua ya mawe.

"Moja, mbili, tatu!" alitangaza. "Oti ni saruji. Dengu ni mchanga. Maharage ni kokoto. Hapa hata jengo la bunge linasimama."

Kisha akatoa mwiko. Haukuwa wa mbao. Ulikuwa ule wa kupigia plasta, mpya, bado una karatasi ya bei.

"Huo si wa jikoni," Bibi akasema.

"Mwiko ni mwiko, Mama. Huu umezidi ule kwa ncha tu."

Akageuza ule mchanganyo mkavu mara tatu kulia, mara tatu kushoto, akaukusanya ukawa kilima. Juu ya kilima akachimba shimo kama la volkano. Ndani ya shimo akamimina jagi la maji! Sasa hapo Bibi aliweka bakuli chini.

"Mkwe wangu, nisikilize. Maharage yanatangulia jikoni peke yake, tena yalitakiwa kulala kwenye maji tangu jana. Yakiiva ndipo dengu zinaingia. Oti ni kiganja tu, mwisho kabisa, kuushika mchuzi."

"Mama, zege halimwagwi kwa awamu. Likimwagwa kwa awamu halishikani."

"Lakini hili linaliwa."

"Hata kinacholiwa kinataka msingi!"

Bibi akachukua bakuli lake, akachota na oti kiganja kimoja kutoka kwenye mfuko, akatoka nje. Baba alidhani amesalimu amri.

Saa tatu kamili mchanganyo ukaingia kwenye sufuria yetu kubwa, ukafika robo tatu. Gesi ikawashwa. Baba akakunja mikono, anapiga mluzi.

Kuna jambo moja ambalo miaka ishirini na mbili ya ujenzi haikumfundisha. Saruji haiumuki! Ukimwaga ndoo moja, jioni utakuta ndoo moja. Lakini oti hunywa maji kama ngamia aliyetoka safari ya mwezi mzima, na kila ikinywa inanenepa, na ikinenepa inadai nafasi.

Saa tatu na nusu kifuniko kikaanza kuinuka chenyewe.

"Linapumua," Baba akasema kwa furaha. "Dalili njema."

Kifuniko kikaanguka chini, kwang'alang'ala! Cherehani ikanyamaza.

"Kuna nini huko?" sauti ya Mama.

"Kazi inaendelea, mke wangu!"

Trrrrr.

Baba akachungulia. Zito mno. Akaongeza maji. Likawa jepesi mno. Akaongeza oti. Likajaa mno. Akaleta sufuria ya pili, akagawa. Lile la sufuria ya pili nalo likawa zito. Maji. Jepesi. Oti! Likajaa. Ndoo! Ndoo ikajaa, akaja na beseni la kufulia. Saa nne na nusu jikoni hapakuwa na chombo kitupu hata kijiko. Lilikuwa linachemka, linarusha matone mazito, tap, tap, ukutani, kwenye dari, kwenye penseli ya Baba.

"Kwa nini usiache tu?" Bibi akauliza kutoka nje, dirishani.

"Mama! Mchanganyo ukishapata maji hauachwi! Unatumika wote siku hiyohiyo. Hiyo ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya saruji!"

Akatoka mbio kwa jirani kuazima sufuria. Jirani yetu ni mwanamke mwenye sufuria ya harusi, ile ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kulala ndani akajinyoosha. Aliileta mwenyewe akiivingirisha kama gurudumu, uso umejaa huruma.

"Poleni sana, majirani. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Tuna mgeni."

"Wageni wangapi?"

"Mmoja."

Jirani alitazama ndoo. Akatazama beseni. Akatazama zile sufuria mbili.

"Anakuja na jeshi?"

"Kuna nini huko?" Mama akaita tena.

"Kazi inaendelea!"

Saa tano na dakika kumi Baba alionja. Alizamisha mwiko kwenye sufuria ya harusi, akauinua. Mwiko haukutoka! Sufuria yenyewe ndiyo iliyoinuka, ikaning'inia sekunde moja, ikarudi kwenye jiko kwa kishindo. Alipofanikiwa kubandua kipande, akakitia mdomoni, akatafuna.

Tak!

Akashika shavu. Macho yalimjaa maji, lakini alizungumza kwa sauti ya kikazi.

"Saruji imeshika. Mchanga umepotea. Kokoto bado."

"Maharage hayajaiva," Bibi alitafsiri kutoka dirishani.

"Hayajaiva kwa ramani ya kwanza. Tunabadilisha ramani! Hiki hakitakuwa cha bakuli. Tunakimwaga kwenye boksi, kinaganda, tunakata vipande vya pembe nne. Mahoteli makubwa ndivyo yanavyofanya. Mgeni anakula kwa uma!"

Tatizo likawa boksi. Alizunguka nyumba nzima akitafuta kitu cha mbao chenye pembe sawa. Mwishowe akavua viatu, akafungua mlango wa chumba cha mbele polepole kama mwizi. Mama alikuwa ameinamia kola, mgongo umegeuka. Nyuma yake ilikuwepo meza ya kukatia vitambaa, na meza ilikuwa na droo.

Baba akaichomoa droo bila kutoa hata mlio. Kwa hilo nampa sifa yake, mikono anayo. Akamwaga vilivyokuwemo kwenye kofia yake, akatoka kwa ncha za vidole.

Droo akaipangusa kwa kitambaa, akaipaka mafuta ya kula ndani ili zege lisigande kwenye mbao. Akamwaga. Akagonga pembeni kwa nyundo, bam, bam, bam, kutoa hewa. Akalainisha juu kwa mwiko mpaka likang'aa kama sakafu ya benki. Halafu, mnajua alichofanya. Akaweka pimamaji juu.

"Kipovu katikati!" alipiga kelele peke yake. "Njooni muone! Katikati kabisa!"

Na kila dakika tano akawa analinyunyizia maji kwa kiganja, kwa sababu zege changa humwagiliwa.

Saa sita kasoro dakika chache mlango wa chumba cha mbele ukafunguka. Mama alitoka na shati kwenye hanga. Lilikuwa jeupe, kola imesimama, mfuko umekaa pale mfuko unapotakiwa kukaa. Alikuwa anatabasamu.

Halafu akaona jikoni.

Aliiona ndoo, beseni, sufuria ya harusi. Aliona dari. Aliona uji mzito umesambazwa ukutani karibu na swichi, umelainishwa vizuri.

"Hapo palikuwa na tundu," Baba alieleza. "Nikaona nilizibe, mali isipotee."

Mama hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye kigoda cha Bibi, shati mapajani, akalishika kwa vidole viwili ili asilichafue.

"Yule wa barabara kuu," alisema taratibu, "ana zulia. Na viti vya wageni."

Baba alitazama vidole vyake vya miguu.

"Hodi!" sauti ikasema mlangoni.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, viatu visivyotoa sauti. Alitazama vitu kama mtu anayesahihisha madaftari: anaanza juu kushoto, anashuka taratibu. Alisahihisha pazia. Akasahihisha cherehani. Kalamu nyekundu tu ndiyo iliyokosekana.

"Karibu sana, mwalimu," Mama alisema. "Karibu mezani. Nyumba yenyewe ndiyo hii."

"Ahsante. Nasikia harufu ya... " Alisita. "Nasikia harufu."

Baba akaingia amebeba droo kwa mikono miwili, imefunikwa kitambaa. Akaiweka kwenye sinia, akaipindua juu chini kwa madaha kama mpishi wa mfalme. Akainua.

Chakula kilibaki ndani ya droo.

Akatikisa. Hakikutoka. Akapiga makofi kwenye tako la droo. Wapi!

"Samahani kidogo, mwalimu. Ni hatua ya kuvua boksi tu."

Akaenda akarudi na nyundo. Mama akafumba macho. Bam! Bam! Mara ya tatu kitu kikaachia, kikatua kwenye sinia kwa mshindo uliorusha glasi zote hewani. Meza ililia. Kilikuwa pale, kijivu, pembe nne, maharage yakichungulia pembeni kama macho ya watu waliofungiwa.

Kisu kilijaribu, kikapinda. Baba akaweka ncha ya mwiko, akagonga kwa nyundo, vikapatikana vipande. Akampakulia Mwalimu Mkuu kipande kikubwa.

"Karibu, mwalimu. Hiki ukila leo, njaa utaisikia kwa watu."

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa adabu. Alichoma uma, uma ukaingia kwa shida, akaweka mdomoni, akaanza kutafuna. Akatafuna. Tukamtazama. Akabadilisha upande. Ukutani saa ilikuwa inasema tik, tik, naye anatafuna, shingo imekaza, macho yanatafuta dirisha.

Kak!

Akaacha kutafuna. Akachukua leso, akageuka kando, akatoa kitu, akakiangalia kwa miwani.

Kilikuwa cheupe. Cha mviringo. Kina matundu manne.

"Hiyo ni nondo, mwalimu," Baba alisema haraka. "Zege bila nondo ni..."

"Hicho ni kifungo changu," Mama akasema.

Alisimama. Aligeuka akaitazama ile droo, iliyolala tupu kando ya sinia, na ndipo alipoitambua. Vifungo viwili vilikuwa vimenasa kwenye pembe zake, pale ambapo Baba hakufuta sawasawa. Halafu Mama akanyoosha mgongo.

"Mwalimu, samahani sana. Hiyo ni droo yangu ya vifungo. Mimi nilikuwa nashona, sikujua. Sina la kujitetea kuhusu chakula. Lakini shati ni hili. Liangalie, halafu uamue unavyoona."

Mwalimu Mkuu alikifuta kile kifungo, akakibana kwa kucha, akakipinda, akakigongesha kwenye sinia.

"Hakijavunjika," alisema. Akawa kama anazungumza na kifungo. "Vya mwaka jana vilikuwa vinavunjika kwa sabuni. Hiki kimechemshwa, kimegongwa, kimeumwa."

Akakiweka chini. Akalichukua shati, akaligeuza nje ndani, akavaa miwani, akaanza kusoma mishono kama anasoma barua ya siri. Alipofika kwenye mkono wa kushoto akakomea hapo.

"Huu uliushona lini?"

"Leo asubuhi, mwalimu. Na kola."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Saa tatu, mpaka kabla hujabisha hodi."

"Na muda huo wote yeye alikuwa anapika?"

"Ndiyo."

"Na hiyo nyundo?"

"Ilikuwa inapigwa hapo, nyuma ya ukuta wangu."

Mwalimu Mkuu akamtazama Baba. Akatazama sufuria ya harusi kupitia mlangoni. Akatazama tena mshono, uliotoka kwapani mpaka kiganjani bila kuyumba hata unywele.

"Mama," alisema, "mtu anayeweza kushona mshono umenyooka namna hii akiwa na huyu ndani ya nyumba, watoto mia tatu hawatamshinda. Kazi ni yako."

Mama akakaa. Akashika meza, akacheka kidogo, akafuta jicho kwa ukingo wa kanga.

"Ahsante, mwalimu!" Baba aliitikia kwa niaba ya wote. "Nilijua tu chakula kitafanya kazi yake!"

"Lakini nina sharti moja," Mwalimu Mkuu aliendelea, bado anamwangalia Mama. "Siku zote za kushona, baba wa nyumba awe saiti."

"Hata Jumapili?" Baba akauliza.

"Hasa Jumapili."

Hapo ndipo Bibi alipoingia na kisufuria kidogo, kimefunikwa sahani. Tangu saa nne alikuwa nyuma ya nyumba na jiko la mkaa, hakumwambia mtu. Alipofunua, mvuke ulipanda wenye kitunguu na tangawizi, na Mwalimu Mkuu alivuta kiti karibu bila kujijua. Alimaliza sahani ya kwanza. Ya pili aliifuta kwa kipande cha mkate.

"Humu mna nini, Bibi?"

"Dengu, mwanangu. Kitunguu, nyanya, tangawizi. Kiganja cha oti mwishoni."

"Basi?"

"Na kungoja."

"Oti hizo ni za mfuko wangu," Baba alikumbusha.

Mwalimu Mkuu alipoaga, mnadhani Baba alikubali yaishe? Alikuwa ameshafunga tofali lililobaki kwa gazeti na kamba, fundo juu la kushikia.

"La jioni, mwalimu. Usione aibu, lipo jingi."

Na kweli lilikuwepo jingi! Mwalimu Mkuu alilipokea kwa mikono miwili, magoti yakakunjika kidogo, akasema ahsante. Nimeshasema alikuwa mtu wa adabu.

Jumapili nzima Baba alikuwa uani na patasi, anabandua sufuria ya harusi, jirani amesimama kando yake mikono kiunoni, anapumua kwa nguvu. Lililotoka, Bibi alimwekea kwenye sahani asubuhi, mchana na jioni.

"Sheria ya saruji, mkwe wangu," alimwambia. "Unatumika wote."

Jumatatu Mama alikwenda shuleni na utepe wake kupima watoto. Aliporudi alikuwa anacheka mpaka anaegemea ukuta.

"Ile ofisi ya Mwalimu Mkuu," alisema alipopata pumzi, "ina mlango mzito. Walimu wanasema kila siku upepo huupigiza mpaka vioo vinatetemeka. Leo ulikuwa umetulia wazi. Kuna kitu wamekiweka chini kuuzuia."

"Kitu gani?" Baba akauliza.

"Kina maharage."

Sote tulimgeukia Baba. Nikasema moyoni, leo angalau atainamisha kichwa. Aliinamisha kweli, anawaza.

"Huo mlango," aliuliza hatimaye, "ni wa bati au wa mbao?"

"Wa mbao ngumu."

"Na haukusogea?"

"Hata kidogo."

Baba akaegemea kiti, akakunja mikono kifuani, akatutazama mmoja mmoja kama watu wa kuhurumiwa.

"Chakula cha watu wengine," alisema, "kinaliwa tu, kinaisha."